Kiwanja cha boriti, bustani ya miti au uwanja wa vifuu: shule ya Lamu ianze na kipi?

Shule inayotaka kuwapa watoto wa chekechea na wa madarasa ya chini mahali pa kucheza na kujifunza nje ya darasa, kwa vitu vya asili badala ya bembea za chuma na mitelezo ya plastiki, ina njia tatu zinazowezekana hapa Lamu. Njia ya kwanza ni kujenga vyombo vya kukwea na kubembea kwa boriti na kamba juu ya mchanga. Ya pili ni kupanda miti na mimea, na kuwaacha watoto wacheze chini yake na kati yake. Ya tatu ni kuuacha uwanja karibu mtupu na kuujaza vitu vinavyohamishika, yaani vifuu, makumbi, makarara ya mnazi, magogo mafupi, mawe yasiyo na makali, ndoo na maji, ili watoto wenyewe wajenge, wabomoe na wajenge tena. Zote tatu huweza kukaa katika uwanja mmoja, lakini ni shule chache zenye fedha na ardhi ya kuzianza kwa pamoja, na kwa hiyo kamati ya shule hulazimika kuamua ipi itangulie.

Maoni yangu nayatoa mapema ili msomaji ayapime anapoendelea kusoma. Hapa kwetu kivuli hutangulia chombo. Shule isiyokuwa na kivuli ikianza kwa kujenga ngazi na bembea, itakuwa imelipia kitu kinachotumika asubuhi na mapema tu, kisha kinabaki kitupu kuanzia saa nne, mchanga unapoanza kuunguza nyayo. Kwa shule ya namna hiyo ningepanda miti kwanza, nikatumia vitu vya kuhamishika katika miaka ambayo miti inakua, na boriti ningeziacha zije mwisho, iwapo bado zitahitajika. Shule ambayo tayari ina mwembe au mkungu mkubwa uani ina uhuru mpana zaidi, nayo nitaieleza mahali pake.

Jua, upepo na punda

Lamu iko takriban nyuzi 2 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba; mwezi wa Juni huegemea kaskazini, na mwezi wa Desemba huegemea kusini. Kwa mwenye kuchora uwanja, maana yake ni kwamba ukuta mrefu wa upande mmoja, ambao katika nchi zilizo mbali na ikweta huweza kutosha kuwa kivuli, hapa haumfai mtoto saa za mchana. Kinachofaa ni kitu kilicho juu ya kichwa, kiwe matawi, paa la makuti au neti ya kivuli kama ile inayotumiwa kwenye vitalu vya miche.

Upepo nao una neno. Kusi, ambayo huvuma tangu Aprili hadi Septemba hivi, husomba mchanga na chumvi, na miche iliyopandwa upande wa pwani bila kinga huungua ncha za majani kabla haijashika. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ni kavu, na ndiyo inayoua miche mingi zaidi. Chumvi hiyo hiyo hula chuma: misumari na minyororo ya kawaida hutoa kutu upesi, na kwa hiyo kila kifungo kinachobeba uzito wa mtoto kinapaswa kuwa cha chuma kilichopakwa zinki au kiwe kamba.

Jambo la tatu ni uchukuzi. Kisiwani kila kitu kizito hushushwa gatini kutoka kwenye mashua, kisha hubebwa na punda au mkokoteni hadi shuleni, na kwa sababu hiyo uzito ni sehemu ya bei. Jiwe ambalo kule Mokowe au Hindi hufikishwa na lori hadi mlangoni, hapa mjini hulipiwa mara mbili njiani. Kamati ikipewa makadirio na fundi wa bara, iulize kwanza kama safari hizo zimehesabiwa.

Kiwanja cha boriti na mchanga

Hiki ndicho wazazi hukipenda, kwa kuwa huonekana siku ile ile kinapomalizika na mgeni akija hupigwa picha mbele yake. Sifa zake si za uongo. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na nguzo za mkoko, mkandaa na muia zinajulikana kwa kustahimili mchwa kuliko miti mingi ya bara. Mafundi wanaojua kufunga, kuchonga na kuunganisha mbao bila haraka wapo; Matondoni hawakuanza jana kuunda majahazi. Ngazi za kukwea, daraja la kamba, gogo la kupitia kwa mizani na jukwaa dogo lenye bembea huwapa watoto mazoezi ya mikono, mabega na mizani ambayo uwanja mtupu hauwapi.

Hata hivyo kuna masharti. Nguzo za mikoko hukatwa kwa kibali cha Shirika la Huduma za Misitu, na shule inayofundisha watoto kutunza mazingira haipaswi kununua mzigo usiokuwa na karatasi. Nguzo za mvinje, ambazo hulimwa mashambani huko Malindi na Kilifi, ni mbadala mzuri kwa shule za bara, lakini zenyewe huliwa na mchwa zisipotiwa dawa, na dawa hizo hazifai mahali ambapo mtoto wa miaka minne atatia mdomo. Nguzo yoyote huoza kwanza pale inapokutana na uso wa ardhi, palipo na unyevu na hewa kwa pamoja. Kwa hiyo mtu wa shule aidunge kwa msumari mrefu kila mwezi mahali hapo. Msumari ukizama bila kusukumwa kwa nguvu, nguzo hiyo imemaliza kazi yake hata kama juu inaonekana nzima. Kuna wanaopendekeza kupaka sifa, yaani mafuta ya samaki, kama yanavyopakwa majahazi. Yanahifadhi mbao, lakini harufu yake itawafukuza watoto na kuwaleta paka.

Vipimo vya usalama havina siri na fundi aandikiwe kabla ya kuanza. Kwa watoto wadogo, mahali pa juu pa kusimama pasizidi mita 1.5 kutoka chini. Chini yake pawe na mchanga laini wa kina cha sentimita 30, nao uenee mita 1.5 au zaidi pande zote za chombo, na mbele na nyuma ya bembea uenee zaidi ya hapo. Nafasi kati ya fito na fito, au kati ya kidato na kidato, isiwe kati ya sentimita 9 na 23, kwa sababu katika nafasi hiyo mwili wa mtoto hupenya na kichwa kikakwama. Kamba za kumbi zinafaa na zinastahimili chumvi. Kamba za plastiki za buluu zinazouzwa madukani hukauka kwa jua na kuanza kumenyeka nyuzi, na zikifika hapo hazina budi kubadilishwa.

Mchanga wenyewe unahitaji kuzungumzwa kwa kirefu, kwa kuwa ndio watu huudharau. Usichukuliwe kwenye vilima vya Shela. Vilima hivyo ndivyo vinavyopokea maji ya mvua, kuyachuja na kuyahifadhi chini ya ardhi, na visima vinavyonywesha mji wa Lamu vinategemea vilima hivyo. Baada ya kupata mchanga kutoka mahali panaporuhusiwa, litabaki swali la paka. Lamu ni mji wa paka, na kwa paka mchanga mlaini uliolimwa vizuri ni choo. Mavi ya paka na mbwa huwa na minyoo ambayo viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya mtoto anayecheza pekupeku au aliyekaa chini, na hapo huonekana mchirizi mwekundu wenye kuwasha, uliopindapinda chini ya ngozi, unaosogea kidogo kila siku. Dawa yake ipo hospitalini, lakini kinga ni rahisi zaidi: kila jioni mchanga ufunikwe kwa wavu wa zamani wa uvuvi wenye macho madogo, uliovutwa na kukazwa kwa mawe pembeni, na kila asubuhi bawabu auondoe na kuuchokoa mchanga kwa reki. Reki hiyo pia huurudisha mchanga mahali pake, maana chini ya bembea haupiti muda kabla haujasukumwa pembeni na kuacha ardhi ngumu, mahali pale pale ambapo mtoto ataangukia.

Ndiyo kusema kiwanja cha boriti ni ahadi ya kazi ya kila siku. Shule isiyokuwa na bawabu au mtu wa kudumu isikichague, na hili nalisema bila kusitasita.

Bustani ya miti

Bustani ndiyo ya polepole kuliko zote na ndiyo inayozaa zaidi. Mti mmoja humpa mwalimu kivuli, majani ya kuhesabu, matunda ya kupima, ndege wa kuangalia, matawi ya kukwea na mahali pa kukaa darasa zima, kwa gharama ya mche na maji. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, unawataka watoto waone, waguse na watende, na hakuna chombo cha fundi kinachofundisha shughuli za mazingira kama mti unaobadilika mwaka mzima.

Uteuzi wa miti uanze na wa hapa. Mkungu ningeuweka wa kwanza: hustahimili chumvi na upepo, matawi yake hutanda kwa tabaka na kutoa kivuli kipana, majani yake huwa mekundu kabla ya kupukutika, na watoto hupenda kupasua kungu ili wale kiini chake. Mkwaju hukua polepole lakini mizizi yake ni ya kina na upepo hauuangushi kwa urahisi, na shule yenye mkwaju mkubwa ina darasa la bure. Mwarobaini, ambao wengine huuita mkilifi, hukua upesi na huvumilia ukame, nao ndio unaofaa pale kivuli kinapotakiwa katika miaka michache. Kasoro yake ni kwamba huzaana mno, na miche yake ikiachwa huenea hadi kila kona. Mtondoo na mkadi zinafaa upande wa bahari. Mvinje ni kizuizi kizuri cha kusi, ila chini yake majani membamba hulala kama mkeka na mimea mingine huota kwa shida.

Mnazi una sharti lake. Nazi ikianguka kutoka juu ya mti mrefu inaweza kuua, kwa hiyo minazi iliyo uani ibaki tu kama shule imepatana na mkwezi wa kuangua kwa ratiba, na makuti makavu yaondolewe pia. Penye minazi isiyoanguliwa pasiwekwe benchi wala mchanga wa kuchezea. Mkorosho kwa shule za bara ni mti mzuri wa kukwea, kwa kuwa matawi yake huanzia chini, lakini mafuta ya ganda la korosho mbichi huunguza ngozi na watoto waambiwe mapema. Mimea mitatu ing'olewe bila majadiliano ikiwa imo ndani ya uwanja: mnyaa, ambao utomvu wake ukiingia machoni huyadhuru vibaya, mbarika, ambao mbegu zake ni sumu kali, na mbono kaburi, ambao mbegu zake watoto huzila wakidhani ni njugu.

Kwa ua mdogo wa mjini miti hiyo mikubwa haifai, maana mizizi yake itafika kwenye kuta za mawe ya tumbawe. Hapo nyua za Kiswahili zenyewe ni kielelezo: asumini, mrehani, mkomamanga, mstafeli na mndimu hukaa katika nafasi ndogo na vyote vina harufu, ladha au kazi. Mndimu ningeupanda hata kama ni mmoja tu. Kuna kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hafifu ambaye hutaga mayai yake kwenye majani machanga ya jamii ya ndimu. Kiwavi wake akiwa mdogo hufanana kabisa na kinyesi cha ndege, weusi na weupe, na watoto humpita bila kumwona. Akishakua hubadilika kuwa kijani kama jani lenyewe. Akiguswa hutoa nyuma ya kichwa chake pembe mbili laini za rangi ya machungwa zenye harufu kali, kisha huzirudisha ndani. Mwalimu hahitaji chombo chochote kwa somo hilo isipokuwa kutopulizia dawa. Kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, kusini ya Malindi, wakulima wa mradi wa Kipepeo wamekuwa wakifuga buu wa vipepeo kwa ajili ya kuuza nje tangu mwaka 1993, na shule zinazopata nauli ya safari hiyo zitaona kwa wingi kile ambacho mndimu wa uani huonyesha kwa uchache.

Tatizo la bustani ni maji, na maji yana hesabu. Mche mchanga katika mchanga wa Lamu wakati wa kaskazi hutaka kama ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki. Miche 20 ni lita 800 kila wiki. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ya paa ni lita moja, kwa hiyo paa la mita mraba 150 likipata mvua ya milimita 20 hutoa karibu lita 3,000 kabla ya kutoa kinachopotea. Maji hayo yakihifadhiwa hutosha miche 20 kwa wiki tatu na ushei tu. Shule yenye tangi moja ipande miche sita na kuitunza, isipande hamsini siku ya sherehe.

Wakati wa kupanda ni muhimu vile vile. Mche uliopandwa masika yanapoanza, mwezi wa Aprili, hupata kama miezi saba ya kuteremsha mizizi kabla ya mtihani wake, ambao ni likizo ndefu ya Novemba na Desemba ikifuatiwa na kaskazi kavu. Mche uliopandwa kwa vuli huingia likizo hiyo ukiwa bado mchanga, wanafunzi hawapo, na mbuzi wa jirani wanajua kwamba hawapo. Mbuzi na punda ni sababu ya kutosha ya kuzungushia kila mche kizuizi cha fito hadi ufike kimo cha mtu. Samadi ya punda, ambayo mjini haikosekani, itumiwe baada ya kuoza vizuri kwa miezi kadhaa na kamwe isiwekwe mbichi mahali watoto wanapochezea, kwa kuwa mavi ya punda hubeba vimelea vya pepopunda na kidonda kidogo mguuni huwa mlango wake.

Uwanja wa vitu vya kuhamishika

Hii ndiyo njia inayopingwa zaidi kwenye mikutano ya wazazi, kwa madai kwamba watoto wamepelekwa shule ili wacheze na takataka. Lakini si wazo la ubahili. Huko Emdrup, Denmark, mwaka 1943, mchoraji wa bustani C. Th. Sørensen alisaidia kuanzisha uwanja ambao watoto walipewa mbao, kamba na vifaa chakavu badala ya vyombo vilivyokwisha kutengenezwa, baada ya kuona jinsi walivyopenda kucheza kwenye viwanja vya ujenzi. Mwaka 1971 msanii Mwingereza Simon Nicholson aliandika hoja iliyosomwa sana tangu hapo, kwamba ubunifu unaowezekana mahali fulani hutegemea idadi na aina za vitu ambavyo mtu anaweza kuvibadilisha. Mtoto wa pwani hakuwasubiri. Karara la mnazi limekuwa mashua tangu zamani, kifuu kimekuwa sufuria, na kokoto zimekuwa mdako.

Ubora wake kwa masomo ya mwanzo ni mkubwa kuliko unavyodhaniwa. Vifuu vya ukubwa tofauti na ndoo ya maji hufundisha ujazo vizuri kuliko picha ya kitabuni, na mwalimu akiwa na kibaba cha kweli huweza kuwaonyesha watoto kwamba vibaba vinne hujaza pishi moja, kipimo ambacho babu zao bado wanakitaja. Fimbo iliyosimamishwa wima mchangani na mawe machache ya kuwekea alama ni saa ya kivuli. Katikati ya Machi, muda mfupi baada ya saa sita mchana, kivuli cha fimbo hiyo hupotea karibu chote, na mtoto aliyeiweka alama tangu asubuhi hahitaji kuelezwa kwamba jua liko utosini. Na tofauti na bembea, ambayo hutumiwa na mmoja huku kumi wakisubiri zamu, rundo la makumbi hutumiwa na darasa zima kwa wakati mmoja.

Gharama yake ya kuanzia ni ndogo, na kinachokosekana hujazwa tena bila kwenda dukani. Makombo ya mbao kutoka kwa waundaji wa majahazi yapigwe msasa na kukaguliwa misumari. Vipande vya mikeka iliyochakaa vinatosha kuezekea nyumba za watoto. Ghala dogo lenye kufuli ni lazima. Sababu yake si wizi hasa, bali ni kwamba makumbi na vifuu ni kuni, na jikoni pa mtu hapawezi kulaumiwa kwa kutotofautisha kuni na zana za kufundishia.

Hatari yake kubwa ni mbu. Mwaka 2004 Lamu ilikumbwa na mlipuko mkubwa wa chikungunya, nao haukuletwa na mafuriko. Ulitokea wakati wa ukame, watu walipokuwa wakihifadhi maji kwenye vyombo visivyofunikwa vizuri. Mbu anayehusika huuma mchana, saa zile zile watoto wapo shuleni, na maji kidogo ndani ya kifuu yanamtosha kutaga. Kwa hiyo kila kifuu cha kuchezea kitobolewe tundu chini, vile vya kupimia vifudikizwe ghalani kila siku, na ndoo zimwagwe jioni. Matairi ya gari, ambayo shule nyingi nchini huyapaka rangi na kuyafukia nusu, ningeyakataa kabisa hapa: hushika maji mahali ambapo mkono haufiki, na yakipigwa na jua la saa saba huunguza mapaja. Shule yenye birika la kudumu inaweza kufuata desturi ya nyumba za kale za Lamu na kuweka humo samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, mradi birika liwe na kizuizi cha kumzuia mtoto asiingie.

Hatari ya pili ni nge, tandu na nyoka, ambao hupenda rundo la magogo na mawe lisiloguswa. Rundo linalochezewa kila siku huwa salama zaidi kuliko lililosahauliwa. Baada ya likizo mtu mzima alipindue kwa fimbo kabla watoto hawajaruhusiwa. Tena njia hii inamtaka mwalimu awepo, kwa sababu vitu vikihama na hatari zake huhama. Mwalimu mmoja na watoto sitini hatatosha, na hapo ni afadhali kuwatoa nusu kwa zamu.

Mtoto asiyeweza kukimbia, na mwezi wa Ramadhani

Kwa mtoto anayetumia kiti cha magurudumu au magongo, mchanga mzito ni ukuta. Kiwanja cha boriti ndicho kinachomnyima zaidi, bustani ndiyo inayomkaribisha zaidi, mradi pawe na njia ngumu ya chokaa na changarawe yenye upana wa mita 1.2 au zaidi kutoka darasani hadi kivulini. Vitu vya kuhamishika humfikia vikiwekwa juu ya meza ya kimo cha magoti yake. Njia hiyo ichorwe kwenye ramani kabla ya kitu kingine chochote, maana kuiongeza baadaye hugharimu zaidi.

Ramadhani nayo ni kipimo ambacho kamati husahau. Baadhi ya watoto wa madarasa ya juu watakuwa wamefunga, na uwanja ambao kazi yake ni kukimbia na kukwea tu hautawafaa kwa mwezi mzima. Penye kivuli, bao na kona ya kukaa wataendelea kutoka nje. Sitara ya wasichana ifikiriwe wakati wa kuchagua mahali pa bembea, hasa mjini ambako madirisha ya ghorofa huangalia uani.

Kwa shule ipi?

Shule ya ndani ya mji, Langoni au Mkomani, yenye ua finyu uliozungukwa na kuta, ichague vitu vya kuhamishika, mndimu na asumini kando ya ukuta, na neti ya kivuli juu. Boriti kubwa hazina nafasi ya kuangukia hapo, kwa hiyo kipimo cha mita 1.5 pekee kinazikataa. Kwa kuwa Mji wa Kale uliandikishwa na UNESCO mwaka 2001 kama urithi wa dunia, shule iliyo ndani ya eneo la hifadhi ishauriane na Makumbusho ya Taifa kabla ya kuchimba au kufunga chochote kwenye kuta za zamani.

Shule za vijijini kama Matondoni na Kipungani, zenye uwanda wa mchanga na mafundi karibu, ndizo ambazo ningeziruhusu kufikiria boriti mapema, iwapo tayari zina mti mkubwa wa kujenga chini yake na mtu wa reki. Chombo kimoja kizuri kinatosha: daraja la kamba lililoungana na jukwaa la chini lina kazi nyingi kuliko bembea tatu.

Shule za bara, Mokowe, Hindi hadi Mpeketoni, zina ardhi, na kwao bustani ni jibu bila shaka. Zigawe uwanja mara mbili, upande mmoja miti ya kivuli na matunda, upande mwingine mhogo, kunde na mchicha, na ziache njia pana ya kukimbilia katikati.

Kwa shule isiyokuwa na kivuli kabisa, popote ilipo, utaratibu wa mwaka wa kwanza ungekuwa hivi. Januari hadi Machi, mwalimu na watoto waweke alama za mahali jua linapopiga kila saa, wachimbe mashimo na kuyajaza samadi iliyooza. Masika yakianza ipandwe miche sita hadi kumi, mwarobaini kwa haraka na mkungu au mkwaju kwa kudumu, na juu ya eneo dogo itandwe neti ya kivuli kwa ajili ya vifuu, makumbi na mchanga. Fedha zitakazobaki kufikia Oktoba zisinunue boriti. Zilipe mtu wa kumwagilia miche na kuangalia uzio tangu shule zinapofungwa mwezi wa Novemba hadi mvua za mwaka unaofuata zinyeshe, na makubaliano hayo yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao pamoja na jina la atakayemsimamia.